Kujiandikisha Kuwa Mtu wa Kokoto

S.L.P. 274,
Kitengela.
Jumapili, 25 Julai 1999.

Mpendwa kaka Lazarus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa shemeji yako Caren na kutoka kwa watoto wote watatu. Habari za Chwele? Mguu wako unaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho ulisema umeanza kutembea bila mkongojo, ila ukifika kwenye mteremko wa kisimani unakaa chini kwanza. Endelea kukaa, hakuna anayekukimbiza. Tunamwomba Mungu uwe unazidi kupata nafuu, shemeji Nasimiyu na watoto wawe wazima, na mahindi yasiwe yameangushwa na upepo kama mwaka jana.

Sisi hapa tunaendelea. Siwezi kusema hatujambo kabisa, kwa sababu mtoto wetu Valerie alikuwa mgonjwa wa kifua na alitutia hofu kubwa. Sasa anakula, na jana alimpiga dada yake na kijiko, kwa hivyo ujue amerudi. Nitakueleza yote. Na kuna jambo lingine ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kutoka kwa Brayo. Kijana huyo wa binamu yetu atakuja nyumbani likizo ya mwezi wa nane, na mdomo wake unaujua. Kwa hivyo kaa vizuri usome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Karanga ulizotuma zilifika salama, pamoja na ule mfuko wa maharagwe. Mwambie Nasimiyu kwamba Caren ameficha karanga zingine juu ya kabati ili watoto wasizione, lakini anayezimaliza huko juu si mtoto.

Baridi ya huku mwaka huu ni kali. Najua nyinyi wa Bungoma mnafikiri Umasaini ni jua na vumbi tu. Njoo mwezi wa saba uone. Hapa ni uwanda mtupu, upepo unatoka mbali bila kukutana na mti, na jua hatulioni mpaka saa saba mchana. Asubuhi nikienda kazini kiwandani Athi River navaa sweta mbili na lile koti lako la zamani. Wenzangu wanalicheka sana, hasa kola yake, lakini wao ndio wanaotetemeka.

Sasa nikupe habari za serikali yetu ndogo, kwa sababu mambo yote niliyo nayo yalianzia huko. Mwezi wa sita kaunti kaunsil ilileta tangazo la ukurasa mmoja, lililopigwa taipu, likabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu na kusomwa makanisani. Lilikuwa la mambo ya msimu wa baridi. Kwamba greda ingepita kurekebisha barabara zilizokatwa na mvua za Elnino. Kwamba wazee waliopita miaka sabini wajiandikishe wapewe blanketi. Kwamba watu waache kulala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Na mwisho kabisa, kwamba upande wetu wa mto ungeweza kupata dispensari ndogo na nesi mmoja wa kuangalia watoto, kwa sababu miezi hii vifua vinawasumbua sana.

Greda ilikuja kweli. Ilikwaruza siku mbili, na sasa lori la maji linafika mpaka mtaani kwetu Kokoto, ambako kwa mwaka mzima tulikuwa tukilifuata na mitungi hadi barabara kubwa. Blanketi nazo zilitolewa. Jirani yetu mzee Kimeu, ambaye tangu nimjue ana miaka sitini na miwili, siku hiyo alikuwa na sabini na minne, na alikuwa na kitambulisho cha kuonyesha. Tangu siku hiyo wajane wa kanisani hawamwamini tena.

Hilo la jiko nililicheka. Nilimwambia Caren kwamba watu wa ofisi hawajawahi kulala kwenye nyumba ya mawe isiyo na dari mwezi wa saba. Tuliendelea kuwasha jiko chumbani kwa watoto na kufunga dirisha vizuri. Nakuandikia hili ili usije ukafikiri mimi sina makosa katika habari hizi.

Kuhusu dispensari, walisema haiwezi kuwekwa bila kujua kama kuna watu. Kwa hivyo Jumamosi moja mwisho wa mwezi wa sita walikuja wawili kutuhesabu. Mmoja ni Bwana Parmuat, afisa wa afya, Mmaasai mpole kutoka upande wa Bissil ambaye akizungumza lazima usogee karibu ndio umsikie. Wa pili ni karani wake, Ndambuki, ambaye unamsikia hata ukiwa kwako. Waliketi kwenye benchi mbele ya duka la Nyakio, mke wa jirani yetu Hiram, na sisi tukapanga foleni kila mwenye nyumba.

Parmuat alitueleza wazi, sitaki kumsingizia. Alisema hesabu hiyo si ya wapangaji wa kupita, kwa maana nesi hawezi kuwekwa mahali ambapo mwaka ujao watu wote watakuwa wamehama. Wanataka familia za kubaki. Zikifika sitini, dispensari itafunguliwa Kokoto. Zisipofika, nesi ataenda ng'ambo ya mto.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Watu wengi tuna ploti hapa na shamba kule tulikotoka, sasa mtu kama huyo ni wa wapi? Kila mmoja alikuwa na maelezo marefu. Parmuat alisikiliza kwa subira, lakini Ndambuki aligonga daftari na kalamu.

"Mimi nitauliza swali moja tu," akasema. "Ukifa leo, utazikwa wapi? Hapo ndio kwenu. Sitaki hadithi."

Parmuat alitazama kando. Wamaasai hawapendi kifo kitajwe hivyo mchana, mbele ya watoto, lakini hakumkataza. Swali lilikuwa la haraka na foleni ilikuwa ndefu.

Wa kwanza alikuwa Hiram. Wewe ulikutana naye ulipokuja ile Pasaka, yule aliyekuuliza bei ya ng'ombe wa Chwele mpaka ukachoka. Mama yake bado yuko Nyeri. Hiram alinyoosha kidole akasema, "Hapa hapa, pale nyuma ya boma la ng'ombe," kama mtu anayeonyesha atakapopanda sukumawiki. Ndambuki akaandika. Watu wote wa kwao wenye ploti walijibu hivyo hivyo na kwenda zao kununua unga.

Ikafika zamu yangu. Kaka, sikufikiria hata kidogo. Nilisema, "Chwele, Bungoma," kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiitikia jina darasani. Ndambuki akaandika herufi M, yaani mgeni. Niliiona, na sikujali. Kusema kweli nilijiona nimejibu vizuri sana. Nyuma yangu Apondi, yule mama Mjaluo anayeuza samaki wa omena, akasema "Ugunja." Aliyemfuata akasema "Butere." Mwingine "Malava." Hakuna hata mmoja wetu aliyesita.

Ungekuwepo, ungenipiga kofi kama ningesema kitu kingine. Wewe unajua. Mtu ambaye baba yake na mama yake wamelala Chwele, asimame mbele ya duka la unga aseme yeye atalala Kitengela? Sisi kaburi hatulitaji ovyo. Ukilitaja mahali, umeliita. Hata yule kijana wa Malava ambaye hajarudi kwao tangu amalize shule, na hana hata kuku kule, alijibu kwa kiburi kama mwenye ekari ishirini.

Baada ya wiki moja karatasi ikabandikwa. Kokoto: familia themanini na tatu, na kati yao wenyeji thelathini na mmoja. Ng'ambo ya mto: wenyeji sitini na wanane. Nesi akapelekwa ng'ambo. Tulisimama pale tukasoma, na wengine wakaanza kulaumu kaunsil, wengine wakamlaumu Ndambuki. Mimi mwenyewe nililaumu kwa sauti kubwa. Lakini hakuna aliyetuandika uongo. Waliandika tulichosema.

Lazima ujue ng'ambo ni wapi. Ukisimama mlangoni kwangu unaona mabati yao yaking'aa, na mbuzi wao unaweza kuwahesabu. Lakini daraja la miguu lilichukuliwa na Elnino, na mpaka leo kuna nguzo mbili tu zimesimama ndani ya maji. Kufika huko ni kuzunguka kwa barabara kubwa, mwendo wa saa mbili kasorobo kwa miguu, na udongo wetu mweusi ukinyeshewa kidogo tu unang'ang'ania kiatu, kilo mbili kila mguu.

Valerie alianza kukohoa Jumatatu tarehe tano. Tulimpa limau na asali. Jumatano asubuhi nikaona mbavu zake zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na pua zinapanuka. Caren alisema neno moja tu, "Twende." Niliacha kazi siku hiyo bila ruhusa. Nilimfunga mtoto kifuani ndani ya koti lako, Caren akashika mwavuli juu yetu, na tukatembea kwenye manyunyu njia yote hiyo. Alikuwa moto kabisa, na kuanzia nusu ya njia akaacha kulia. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Nilikuwa namtikisa ili alie.

Nesi anaitwa Gathoni. Ni msichana tu, pengine ana miaka ishirini na sita, lakini mikono yake haitetemeki. Alimsikiliza kifua, akasema ni nimonia, akamdunga sindano hapo hapo. Aliuliza kama tunawasha jiko ndani. Caren akanitazama. Kisha nesi akauliza tumetoka wapi, ili aandike kwenye kadi.

"Kokoto," nikasema.

Akashangaa. "Si Kokoto walisema hakuna wenyeji? Mimi nilikuwa nimepangiwa kwenu kwanza."

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, akaendelea kuandika. Alituambia sindano ni siku tano mfululizo, na kwamba kama tungengoja mpaka jioni, yeye hangetuahidi kitu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta, kaka, nikalia kama mtoto. Niliona wazi kwamba mtoto wangu alikuwa karibu kufa kwa ajili ya jibu langu.

Siku nne zilizofuata Caren ndiye aliyembeba, maana mimi kiwandani walikuwa wamenionya. Saa mbili kasorobo kwenda, saa mbili kasorobo kurudi, na udongo miguuni. Nilitaka anipigie kelele. Hakupiga. Unamjua shemeji yako, akinyamaza ndio ujue. Siku ya tatu alirudi, akaweka viatu mlangoni, akaanza kuvikwangua tope na kisu cha jikoni.

"Huyu mtoto amezaliwa hapa," akasema bila kuniangalia. "Meno ameotea hapa. Anaongea Kimaasai na watoto wa jirani kuliko anavyoongea Kijaluo changu ama Kibukusu chako. Na babake amemwandika mgeni."

Nikamwambia sikumwandika yeye, nilijitaja mimi.

"Basi yeye ni wa nani?" akaniuliza, akaendelea kukwangua.

Kesho yake nikaenda kumtafuta Parmuat. Nilimkuta nje ya ofisi akikagua pikipiki yake. Nikamsalimia "Sopa," akaitikia "Epa," tukaulizana habari za watoto, za mvua na za ng'ombe, na mimi sina ng'ombe. Kisha nikamwomba abadilishe ile herufi yangu na za wengine kwenye daftari, tufike sitini.

"Daftari siwezi kubadilisha kwa ofisi," akasema. "Mlisema mbele ya watu, mtasema tena mbele ya watu. Ijumaa iko baraza kwa chifu. Kila mtu akuje na mdomo yake."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimeshageuka kwenda aliponiita tena.

"Wasike, lakini usikuje kusema kitu ya kutafuta dispensari peke yake. Mtu hachezi na hiyo maneno. Kuja useme kitu yako."

Nilizunguka mtaa nikawaambia watu wetu. Wengi walikubali haraka, hasa wenye watoto wadogo, maana si Valerie peke yake aliyekuwa akikohoa. Lakini nilipouliza ni nani atakayeanza kusema, kila mtu alikumbuka ana kazi. Walisema nianze mimi, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa.

Ijumaa tarehe kumi na sita tulikusanyika kambini kwa chifu. Palikuwa na ukungu na watu wamejifunika leso na blanketi, na mzee Kimeu alikuwa na ile yake mpya mabegani ikiwa bado na lebo. Chifu alimaliza mambo ya mbwa wa kuchanjwa na ng'ombe wanaolala barabarani, kisha akauliza kama kuna watu wa Kokoto wanaotaka kurekebisha majina. Tukatazama viatu vyetu. Akauliza mara ya pili. Apondi alinisukuma mgongoni na kiwiko, na kiwiko cha Apondi si mchezo.

Nikasimama nikaenda mbele. Ndambuki alifungua daftari bila hata kuinua macho.

"Ukifa leo, utazikwa wapi?"

Niliangalia watu. Nilimwona Brayo kwenye ua, amekunja mikono. Sikujua kama angekuja. Nikajua chochote nitakachosema hapo nimekisema Chwele pia.

"Hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

"Kokoto. Kwa ploti yangu."

Mtu mmoja nyuma alifyonza. Ndambuki akafuta ile M kwa rula na wino, akaandika W, yaani wenyeji. Parmuat alikuwa amesimama kando na fimbo yake, na safari hii hakutazama pembeni, alinitazama mimi. Nilirudi mahali pangu. Baada yangu akaja Apondi akicheka, akasema "Hapa, kama omena itakubali," watu wakacheka, na mlango ukafunguka. Walikuja mmoja mmoja, hata yule wa Malava. Tulipomaliza, Kokoto ilikuwa na wenyeji sitini na tisa.

Brayo aliondoka bila kunisalimia. Yeye huwa ananisalimia hata akiwa na deni langu la sukari, kwa hivyo nilielewa.

Dispensari ilifunguliwa Jumatano iliyopita katika ukumbi wa kanisa, vyumba viwili, na mizani ya watoto imening'inizwa kwenye boriti. Gathoni anakuja kwetu siku tatu, na siku mbili anarudi ng'ambo, hivyo hakuna aliyenyang'anywa kabisa. Siku ya kwanza alipokea watoto arobaini. Valerie alikaguliwa kifua akaonekana safi. Jiko siku hizi linawashwa nje, na tukiliingiza dirisha liko wazi, hata kama mimi ndiye ninayekaa karibu na dirisha hilo.

Basi sasa, kaka, nije kwa jambo lenyewe.

Apondi ameniambia kwamba aliposema "hapa" mdomoni, moyoni alisema Ugunja. Wengi wananiambia hivyo, tena wananicheka nikiwa na uso mzito. Wanasema ni neno tu la kupata nesi. Mimi pia nimejaribu kujiambia hivyo na imekataa. Wiki nzima nimejiuliza kama nilisema uongo mbele ya chifu, na kila mara napata kwamba sikusema uongo. Nimekaa hapa miaka kumi na moja. Watoto wangu watatu wamezaliwa hapa. Kila Desemba nikija Chwele, siku ya tatu naanza kuwaza kama tangi la maji limejaa na kama Caren alifunga lile dirisha la nyuma. Nilikuwa naficha jambo hilo hata kwangu mwenyewe. Ndambuki alinifinya tu likatoka.

Ile sehemu yangu ya shamba la baba, upande wa mto, usiiache ikae nyasi kwa ajili yangu. Vijana wako wanakua na watataka kujenga. Wagawie. Sikuulizi kitu na sitakuja kudai kesho, na barua hii uiweke iwe ushahidi, kwa maana nimeiandika nikiwa na akili timamu na Caren ameisoma.

Desemba iliyopita ulinichukua asubuhi tukaenda kwenye kaburi la mama kung'oa magugu. Tulipomaliza ulisogea hatua tatu kulia kwake, ukachoma fimbo yako ardhini. Nilielewa unanionyesha nini. Sikukujibu, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Najibu sasa, na naona aibu kwamba najibu kwa karatasi. Nafasi hiyo usinishikie tena. Nimeshindwa kuandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine, na nampenda mama kama unavyompenda wewe. Nakuomba ukienda pale umwambie, kwa sababu wewe ndiye unayejua kuzungumza naye.

Ukikasirika, una haki. Lakini usimalize hasira kabla hujasoma hili la mwisho.

Nyumba yangu ya hapa niliijenga mwaka wa tisini na tano, mimi na fundi. Siku zote nimeiita nyumba ya kazi. Hakuna mtu wetu aliyekuja kunionyesha mahali pa kujenga. Wewe baba alikuonyesha. Namkumbuka siku ile amevua shati, amechimba shimo la nguzo ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na wewe ukaruhusiwa kuchimba la pili. Nilikuwa mdogo, nilibeba maji, nikasema moyoni kwamba na mimi siku moja atanichimbia. Aliondoka kabla ya zamu yangu. Sasa mwenye mkono huo ni wewe tu.

Mimi sitaki kuwa mtu wa hapa kwa daftari la Ndambuki peke yake. Nakuomba uje, mguu ukikubali. Nitamtumia Brayo nauli yako na yake, mrudi pamoja mwisho wa mwezi wa nane, na njiani umwambie mimi bado ni ndugu yake. Nataka kuongeza chumba upande jua linakochomozea, ili mgeni wa kwanza kulala humo awe wewe. Nimefyeka majani, nimenunua nguzo, na nimekopa jembe la Hiram. Shimo sijachimba. Nitangoja mpaka ufike.

Nisalimie shemeji Nasimiyu, umwambie Caren anamwekea kitenge. Nisalimie shangazi Nekesa na macho yake, mzee Wanjala wa kanisani, na watoto wote, kuanzia yule mkubwa hadi yule ambaye bado sijamwona. Mungu aliyewatunza wazazi wetu akutunze na wewe, akutie nguvu mguuni, na mvua ya huko iwe ya kiasi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo,

Wasike.